Kidole Kimoja, Manahodha Wengi: Kompyuta Sambamba na Kazi za Fizikia

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana kwetu shuleni



Niliombwa nizungumze juu ya jambo lolote la sayansi, kwa sharti kwamba kijana wa Kidato cha Pili alielewe, na mzee aliyemaliza hapa zamani asisinzie. Sharti hilo ni gumu, hasa baada ya pilau tuliyokula. Hata hivyo nitajaribu. Mimi ni mtumishi wa serikali. Chuo kikuu nilisoma Fizikia na Hisabati, na sasa kazi yangu ni ya mipango, yaani kusoma taarifa za wataalamu na kuuliza zitawafaa nini wananchi. Katika taarifa hizo nakutana kila mara na kazi iliyofanywa na kompyuta sambamba, yaani kompyuta nyingi zinazoshirikiana kupiga hesabu moja. Hizo ndizo nitakazozieleza.

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema: Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyingine yasema: Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ipi ni ya kweli? Katika mtihani wa Kiswahili mwanafunzi angejibu kwamba zote ni kweli, kila moja mahali pake, naye angepewa alama. Mwalimu wa Fizikia angeuliza zaidi: mahali pake ni wapi, na kwa kipimo gani? Kwa muda wa miaka 100 na zaidi, watu wanaopiga hesabu za fizikia wamekuwa wakishughulika na swali hilohilo.

HESABU ISIYONGOJA

Kwanza tuulize kwa nini kazi yenyewe ni kubwa. Ukirusha jiwe, unaweza kukokotoa ubaoni litaanguka wapi, kwa mistari michache ya chaki. Hewa haikubali hivyo. Kila fungu la hewa linalisukuma jirani yake na kusukumwa naye, linapashwa joto, linabeba mvuke, linapanda na kushuka. Hakuna kanuni moja fupi itakayokupa jibu. Kinachofanyika ni kuikata hewa yote katika visanduku, na kwa kila kisanduku kukokotoa upepo, joto, unyevu na mgandamizo wake vitakuwaje baada ya dakika chache, kwa kutazama visanduku vya jirani. Ukimaliza vyote, unaanza tena kwa dakika chache nyingine, na tena, mpaka ufike kesho.

Chukueni mfano wa Ziwa Viktoria. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kavu kuelekea ziwani. Pepo hizo hukutana juu ya maji, hewa ikapanda, na mawingu ya radi yakajengeka wakati uleule ambapo wavuvi wako kazini na taa zao. Wingu moja la namna hiyo huwa na upana wa kilomita chache tu. Ikiwa kila kisanduku cha hesabu kina upana wa kilomita 25, wingu linapita ndani yake bila kuonekana, kama dagaa katika wavu wa sangara. Basi hapana budi kutumia wavu wa matundu madogo.

Lakini angalieni gharama yake. Ukipunguza urefu wa kila upande wa kisanduku kuwa nusu, visanduku vinakuwa mara 8. Tena, muda unaoruka kwa kila hatua hauna budi kuwa nusu pia, ama sivyo hesabu inaharibika. Kwa hiyo kazi inakuwa mara 16. Na jibu lazima lipatikane kabla ya jua kutua, maana utabiri unaofika baada ya dhoruba haumwokoi mvuvi.

UKUMBI WA WATU 64,000

Mtu wa kwanza kuliona jambo hili sawasawa hakuwa na kompyuta hata moja. Alikuwa Mwingereza, jina lake Lewis Fry Richardson. Kwa imani yake ya Kikweka hakukubali kupigana, kwa hiyo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ufaransa kuendesha gari la kubebea majeruhi. Huko, katika nafasi alizopata, alipiga kwa mkono hesabu ya utabiri wa saa 6 tu, kwa siku iliyokwisha kupita zamani, yaani tarehe 20 Mei 1910, na kwa sehemu moja ya Ulaya ya kati.

Jibu lilikuwa kioja. Hesabu ilisema mgandamizo wa hewa ungepanda kwa milibari 145 katika saa hizo 6, ilhali siku yenyewe haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Mtu mwingine angezichoma karatasi zile. Richardson alizichapa kitabuni mwaka 1922, pamoja na kosa lake, watu wote walione. Wataalamu wa baadaye walionyesha kwamba njia yake ilikuwa njema. Ubaya ulikuwa katika vipimo vya kuanzia, ambavyo vilihitaji kusawazishwa kwanza.

Katika kitabu hichohicho Richardson aliuliza: ingehitajika watu wangapi kupiga hesabu hizi kwa kasi ileile ya hali ya hewa ya dunia nzima? Alikadiria watu 64,000. Akawaza ukumbi mkubwa wa duara ambao kuta zake zimechorwa ramani ya dunia. Kila mtu amekaa mahali pa nchi yake katika ramani, anakokotoa sehemu yake, na namba zake zinaonyeshwa juu ili majirani wazisome. Katikati, juu ya nguzo ndefu, amesimama msimamizi. Wanaokwenda mbio kuliko wenzao anawamulika kwa mwanga mwekundu mwororo. Wanaochelewa anawamulika kwa mwanga wa buluu.

Vijana, ukumbi ule haukujengwa kamwe. Lakini mkiwaondoa watu na kuweka prosesa mahali pao, hiyo ndiyo kompyuta sambamba, na msimamizi mwenye taa ndiye programu inayohakikisha hakuna anayetangulia wala anayebaki nyuma.

JARIBIO LA DARASANI

Msiniamini kwa maneno tu. Jaribio hili halihitaji umeme. Wapangeni wanafunzi 5 katika mstari mmoja, nao wawe ni nondo ya chuma. Wa kwanza yuko kwenye maji yanayochemka: namba yake ni 100 siku zote. Wa mwisho yuko kwenye barafu: namba yake ni 0 siku zote. Watatu wa katikati waanze na 0. Mwalimu akipiga kofi, kila mmoja wa hao watatu asome namba za jirani zake wawili, azijumlishe, agawanye kwa 2, na jibu liwe namba yake mpya.

Kofi la kwanza: 50, 0, 0. La pili: 50, 25, 0. La tatu: 62.5, 25, 12.5. Endeleeni, na namba zitakaribia 75, 50 na 25, kama joto linavyojipanga katika nondo yenyewe. Mtakuwa mmetatua tatizo la fizikia kwa kompyuta sambamba yenye prosesa 3, kila moja ikiwa na soksi na viatu.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, kila mtu aliwauliza majirani zake wawili tu. Kwa hiyo mstari ukiwa wa watu 5 au wa watu 5,000, kofi moja huchukua muda uleule. Hapo kidole kimoja kimepata wenzake, na chawa anavunjika. La pili, hakuna aliyeruhusiwa kufuta namba yake ya zamani kabla jirani hajaisoma. Basi kila kofi lilimngoja aliye mzito wa kugawanya kwa 2, na mstari wote ulikwenda kwa mwendo wake.

Sasa tumpe kila mfanyakazi mchemraba mzima wa visanduku, 100 kwa 100 kwa 100. Ana visanduku 1,000,000 vya kukokotoa, lakini anahitaji kubadilishana na majirani namba za nyuso 6 tu, yaani 60,000 hivi. Mazungumzo ni 6 kwa kila 100 ya kazi. Tukiajiri wafanyakazi mara 8, kila mmoja anapata mchemraba wa 50 kwa 50 kwa 50. Kazi yake ni visanduku 125,000, na mazungumzo 15,000. Sasa ni 12 kwa kila 100. Tukizidi kukatakata, itafika siku ambapo wafanyakazi wanaongea muda mrefu kuliko wanavyofanya kazi. Wenzangu wa ofisini wanalijua jambo hili. Sisi huliita kikao. Hapo ndipo manahodha wanapoanza kulipeleka dau mrama, na sasa tunajua kwa kipimo gani.

KWA NINI TUSINUNUE MASHINE MOJA YENYE KASI?

Mtu ataniuliza: kwa nini taabu yote hii? Kwa nini tusitengeneze prosesa moja yenye kasi kuliko zote? Fizikia yenyewe inakataa. Mwanga, ambao hakuna kinachoupita kwa mbio, huenda sentimita 30 tu katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Habari ndani ya mashine haziwezi kwenda haraka zaidi ya hapo. Na kila ukiongeza mapigo ya prosesa, inapata moto. Kufikia mwaka 2005 hivi, prosesa za kawaida zilikuwa zimefika mapigo bilioni 3 au 4 kwa sekunde, na tangu hapo hazikupanda sana. Watengenezaji wakageuka: badala ya prosesa moja kali, wakatia nyingi katika chipu moja. Simu nyingi zilizo mifukoni mwenu zina 8. Na mwaka 2022 mashine iitwayo Frontier, huko Oak Ridge nchini Marekani, ilipita hesabu zenye idadi ya 1 ikifuatwa na sifuri 18 kwa kila sekunde moja. Inafanya hivyo kwa sababu vipande vyake ni vingi mno, wala si kwa sababu kimoja chao ni cha ajabu.

UPAWA MMOJA NA MOTO WA ASUBUHI

Hata hivyo, wingi una mpaka wake. Mwaka 1967 mhandisi wa Marekani, Gene Amdahl, alitoa hoja ambayo kila aliyepanga foleni katika bwalo la shule hii anaielewa. Ongezeni meza, ongezeni sahani, ongezeni milango. Mpishi akiwa na upawa mmoja, foleni ni ileile. Ofisini upawa huo ni saini. Jalada linaweza kutayarishwa na watu 10 kwa asubuhi moja, kisha likalala siku 3 likingoja mkono wa mtu mmoja.

Tutazame kwa namba. Tuseme kazi inachukua dakika 100, na dakika 5 kati ya hizo haziwezi kugawanywa. Ukiweka wafanyakazi 20, utamaliza kwa dakika 9.75, yaani kasi ya mara 10 hivi, si mara 20. Ukiweka 100, utapata karibu mara 17. Ukiweka 1,000, hufiki hata mara 20. Na hata ukileta milioni, zile dakika 5 zinabaki palepale. Kwa hoja hiyo wengi walidhani kuwa kuunganisha prosesa mamia ni kupoteza fedha. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja, Alan Karp, aliahidi kumlipa dola 100 yeyote atakayeonyesha kazi ya kweli iliyokwenda mara 200 kwa njia hiyo.

Waliomjibu walikuwa John Gustafson, Gary Montry na Robert Benner, wa maabara ya Sandia nchini Marekani. Walikuwa na mashine yenye prosesa 1,024, wakaipa kazi tatu za fizikia: mawimbi, mwendo wa vitu vimiminika, na mkazo katika mhimili. Kwa tatizo la ukubwa uleule walipata kasi ya zaidi ya mara 500. Kisha wakalikuza tatizo ili kila prosesa ishibe kazi, na hapo kasi, kwa namna walivyoipima, ikapita mara 1,000. Walipewa tuzo ya Gordon Bell ya mwaka 1987, iliyokuwa ya kwanza. Miaka miwili baadaye, Mnaijeria Philip Emeagwali alipata tuzo hiyohiyo katika fungu la matumizi mazuri ya fedha, kwa hesabu zinazohusu mafuta yaliyomo ardhini, akitumia mashine yenye prosesa 65,536.

Je, Amdahl alikosea? Hapana. Hesabu yake ni sahihi mpaka leo. Gustafson aliona jambo jingine, nalo tunaweza kuliona jikoni. Kuwasha moto asubuhi huchukua muda uleule, uwe unapika chai ya mtu mmoja au uji wa shule nzima. Ukipika chai ya mtu mmoja, muda mwingi umekwenda kwenye moto, na wasaidizi 50 watasimama tu. Ukipika uji wa shule nzima, moto ni sehemu ndogo, na wasaidizi wote wana kazi. Katika matatizo mengi ya fizikia, ile sehemu isiyogawanyika haikui kwa kadiri tatizo linavyokua. Basi kosa ni kuita watu wengi kwenye kazi ndogo. Wapeni kazi inayowastahili: badala ya kulikokotoa ziwa lilelile kwa haraka zaidi, likokotoeni kwa wavu wenye matundu madogo zaidi, mpaka wingu la radi lionekane.

Nadhani hapo methali zetu mbili zinapatana. Kazi ikiwa kubwa, ikigawanyika, na kila mmoja akihitaji kusema na majirani wachache tu, kidole kimoja hakivunji chawa. Kazi ikiwa ndogo, au kila mmoja akihitaji kuwauliza wote, manahodha ni wengi mno.

HILI LINATUHUSU VIPI?

Najua wako wanaosema moyoni kwamba haya ni mambo ya matajiri. Nawaomba wasikilize habari tatu.

Mwaka 1983, katika chuo cha Caltech nchini Marekani, Geoffrey Fox, mwanafizikia, na Charles Seitz, mtaalamu wa kompyuta, walikuwa na mashine yao iliyounganisha kompyuta ndogo 64, kila moja ikishikana na majirani 6. Prosesa zake zilikuwa za jamii moja na zile za kompyuta za mezani za siku hizo. Wakaitumia kuchunguza nguvu zinazoshika chembe ndani ya kiini cha atomu.

Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo kimoja cha NASA, waliunganisha prosesa 16 za aina iliyouzwa madukani, kwa waya za kawaida za mtandao na programu zisizolipiwa. Mashine hiyo waliiita Beowulf. Tangu hapo, vyuo vingi duniani visivyo na fedha nyingi vimefuata njia hiyo.

Habari ya tatu inafika kwetu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Texas huko Austin kilizindua mashine iitwayo Ranger, yenye prosesa 62,976. Linganisheni na watu 64,000 wa Richardson! Baada ya miaka 5 ilistaafishwa, na sehemu zake zikaletwa Afrika: Afrika Kusini, Botswana na Tanzania.

Ndugu zangu, mashine inaweza kuletwa kwa meli. Akili ya kuigawa kazi haiji ndani ya kasha. Lazima awepo mtu anayejua hewa inavyokwenda, anayejua kuandika milinganyo yake, na anayejua kipi kigawanywe na kipi kisigawanywe. Asipokuwapo, mashine itakaa katika chumba chenye ubaridi ikila umeme. Akiwapo, hata mashine kuukuu zina faida. Na mtu huyo ni lazima awe wetu, kwa sababu mtaalamu wa mbali anaweza kulijua Ziwa Viktoria kwa picha za setilaiti, lakini hasumbuliwi usingizi na mitumbwi ambayo haikurudi.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa walimu: fanyeni lile jaribio la wanafunzi 5 katika kipindi kimoja cha Fizikia, kisha mlifanye na darasa zima katika uwanja wa mpira, safu kwa safu, kila mmoja akitazama majirani wanne. Kwa wanafunzi wenzangu wa zamani: ofisi zetu na nyumba zetu zina kompyuta zilizowekwa kando kwa sababu zimechakaa kidogo. Zilizo zetu, tuzilete. Zilizo za ofisi, tufuate taratibu za kuziomba. Kompyuta 8 zikiunganishwa kwa waya katika maabara ya shule hii zitatosha kabisa kuwafundisha vijana kugawa tatizo, na hakuna atakayepata umaarufu kwa kuzitoa, ila tutakuwa tumelipa sehemu ya deni letu hapa.

Kwa ninyi vijana: msikimbie Hisabati. Kila nilichosema leo kimejengwa juu ya kujumlisha, kugawanya, na uwiano, mambo mliyokwisha kufundishwa. Na mfuateni Richardson katika jambo moja: jibu likitoka kioja, msilifiche. Liandikeni, mwonyesheni mwenzenu, naye ataanzia pale mlipoishia.

Ndugu Mwenyekiti, upawa wa kusemea ni mmoja, na foleni nyuma yangu ni ndefu.